Kikombe cha Chai Kisichoandikwa: Hotuba kwa Wahojaji wa Utafiti wa Lishe, Kisumu

Hamjambo nyote. Amosou, ndugu zangu wa kando ya ziwa. Na mulembe kwa mliopanda matatu alfajiri kutoka Luanda, Mbale na Kakamega.

Mtaingia katika nyumba za watu, kuanzia Nyalenda na Manyatta hapa mjini hadi kwa wakulima wa mpunga kule Ahero, mkiwa na daftari, kalamu na mizani. Mtamwomba mtu aandike kila anachotia kinywani kwa siku nne. Ombi lenyewe linasikika jepesi. Ugumu wake ni kwamba katika vipimo vyote tunavyofanya vya afya, hiki ndicho anachokifanya mpimwaji mwenyewe, tena huku akijitazama. Presha hupimwa na mashine, urefu hupimwa na ubao. Chakula hupimwa na mtu yule yule mwenye njaa, mwenye haya na mwenye haraka ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo nianze na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Daftari la chakula lina makosa ya aina mbili, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kosa la kwanza ni la kuyumba. Leo mama amekula omena, kesho maharagwe, kesho kutwa ameenda matangani akala nyama. Kosa hili hupungua ukiongeza siku na ukiongeza watu, kwa sababu kuyumba juu na kuyumba chini hulipana. Kosa la pili ni la kuvuta upande mmoja: karibu kila mtu anaandika pungufu, na anapunguza vitu vile vile. Hapo hata uwahoji watu elfu kumi, wastani wako utabaki pale pale ulipopotoka, ila sasa utautangaza kwa ujasiri zaidi. Mizani inayosoma gramu 200 pungufu haiponi kwa kupimia mara elfu.

Tunajuaje kwamba watu huandika pungufu? Kwa maji. Kuna maji yaliyotengenezwa kwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambayo hayana mnururisho wala ladha yoyote ya ajabu. Mtu akiyanywa, haidrojeni nzito hutoka mwilini kama maji: mkojo, jasho, pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa njia hizo hizo, na pia ndani ya kaboni dioksaidi tunayoitoa kwa pumzi. Tofauti ya kasi ya kupungua kwa hizo mbili, ukiipima kwenye mkojo kwa wiki moja au mbili, inakupa kaboni dioksaidi iliyozalishwa, na hiyo inakupa nishati ambayo mwili umeichoma. Njia hii ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1982. Mtu ambaye uzito wake haujabadilika analazimika kuwa amekula kiasi kile alichokichoma, daftari lisema lisemalo.

Mwaka 1992, watafiti wa New York waliwapima kwa maji hayo watu wanene waliokuwa wakisema wanakula chini ya kilokalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Ilionekana kwamba waliandika chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakayazidisha kwa asilimia 51. Miili yao haikuwa na ubaya wowote. Utafiti mwingine mkubwa wa jimbo la Maryland, wa 1999 hadi 2000, uliwachukua watu wazima 484 wa kawaida. Walipohojiwa kuhusu saa 24 zilizopita, wanaume walipungukiwa na asilimia 12 hadi 14 ya nishati, na wanawake asilimia 16 hadi 20. Walipopewa fomu ndefu ya kuulizwa "unakula samaki mara ngapi kwa mwezi", upungufu ulipanda hadi asilimia 31 na zaidi kwa wanaume na 34 na zaidi kwa wanawake. Ndiyo maana fomu ya mara-ngapi-kwa-mwezi hamtaiona kwenye mikoba yenu.

Mtaniambia hao ni Wamarekani. Ni kweli, na sababu zao si zote zetu. Lakini zetu zipo, na nyingine hazimo katika vitabu vyao. Tuzitazame jikoni.

Tuanze na neno lenyewe, kula. Ukimuuliza mzee wa Siaya kama amekula, atakwambia hajala. Asubuhi amekunywa chai ya maziwa na viazi vitamu vitatu, saa nne akatafuna muwa, saa nane akala konzi mbili za karanga. Hajasema uongo. Kwake kula ni kuon, ugali, na kila kilicho nje ya ugali ni kitu cha kushika tumbo. Kule Bungoma utakutana na jambo hilo hilo kwa obusuma. Ukiandika "hajala mpaka jioni" umefuta zaidi ya theluthi ya siku yake. Kwa hiyo neno "kula" litumieni kwa uangalifu. Ulizeni hivi: "Baba, jana ulipoamka, kitu cha kwanza kuingia kinywani kilikuwa nini? Halafu? Ulipotoka nyumbani ulipita wapi? Hapo ulionja chochote?" Fuateni nyayo za mtu, na chakula kitajitokeza chenyewe.

Kitu cha pili ni chai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nchi hii inaelea juu ya chai. Mtu anakunywa vikombe vinne kwa siku na anaandika "chai" mara mbili. Sukari ameandika vijiko vitatu kwa kikombe. Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kilichojazwa kikafanya kilima kinaweza kufika gramu 7. Vikombe vinne, vijiko 12: gramu 48 kwa msawazo, gramu 84 kwa kilima. Tofauti hiyo peke yake ni kilokalori kama 144 kila siku, na bado hatujagusa maziwa wala vile vikombe viwili vilivyosahaulika. Wala usiulize "vijiko vingapi?" ukaishia hapo. Mwambie mama atie sukari kama anavyotia siku zote, lakini ndani ya kibakuli kilicho juu ya mizani. Dakika moja tu. Na kama sukari hutiwa ndani ya sufuria ya nyumba nzima, pima sukari yote, pima chai yote, kisha gawanya kwa kikombe. Chai ya rangi na chai ya maziwa ziandikwe tofauti. Na ya maziwa iandikwe maziwa mangapi kwa maji mangapi, maana ya kibandani na ya nyumbani kwa mwenye ng'ombe ni vinywaji viwili tofauti kabisa.

Kitu cha tatu ni mafuta ya kupikia. Hakuna anayeyaona kwenye sahani, na picha ya simu haiyaoni pia. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina 4, kwa hiyo kosa dogo hapa ni kubwa kuliko kosa kubwa la sukuma wiki. Mitaani watu hununua mafuta ya kupima, na daftari litakwambia "mafuta ya shilingi ishirini". Hicho si kipimo. Bei ikibadilika wiki mbili baadaye, ishirini ile ile inakuwa kiasi kingine, na duka la jirani nalo lina mkono wake. Andika jina la mtaa na tarehe, kisha siku hiyo hiyo nenda ukanunue ishirini hiyo hiyo kwenye duka hilo hilo, uipime. Penye chupa nyumbani, pima chupa kabla ya kupika na baada ya kupika, usiulize lolote. Mililita 100 za mafuta zina uzito wa gramu 92 hivi, msiziandike 100.

Halafu kuna mbichi na kavu, mbichi na iliyoiva. "Omena, gramu 100" haina maana yoyote mpaka useme ni ya namna gani. Samaki mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Omena iliyokauka vizuri juani imebaki na maji kidogo tu. Gramu 100 kavu hubeba protini ya gramu 300 hadi 400 za mbichi. Anayeingiza data ofisini akichagua mstari usio wake, mtoto aliyekula kidogo anaonekana amekula kama mvuvi. Maharagwe vivyo hivyo: yakichemshwa uzito wake huongezeka zaidi ya mara mbili kwa kunywa maji. Kwenye nyoyo, yaani githeri, ni taabu zaidi, kwa sababu mahindi na maharagwe hayagawanyiki sawa kila upawa. Chukua upawa mmoja, tenganisha punje, pima kila upande. Kwa samaki wakubwa, ngege na mbuta, pimeni sahani tena baada ya kula, muondoe miiba na kichwa, ila muulize kwanza: wapo wanaokimaliza kichwa chote.

Mboga za kienyeji andikeni jina analolitumia mama mwenyewe, hata kama ninyi mna jina jingine. Osuga ni managu, dek ni saga, apoth ni mrenda, boo ni kunde. "Mboga kijani" ni neno la mhojaji mvivu. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Kenya yaliyotolewa mwaka 2018 na serikali pamoja na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, yametenganisha nyingi ya mboga hizi, na tofauti ya vitamini na madini kati yake na kabichi si ndogo. Andikeni pia kama zilichemshwa kwa magadi au munyu wa majivu, kama zilitiwa maziwa au mala, na kama maji ya kwanza yalimwagwa.

Sasa sufuria. Nitatoa mfano wa ugali kwa sababu mtaufanya kila siku. Sufuria tupu na mwiko wake zina gramu 1,150. Unga uliotiwa wote, pamoja na ule wa kuongeza mwishoni, ni gramu 1,000. Ugali ulipoiva, sufuria, mwiko na ugali vyote vina gramu 4,100. Basi ugali ni gramu 2,950. Unga wa mahindi una kilokalori kama 360 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria yote ina 3,600, na kila gramu ya ugali huu ina 1.22. Nyumba ya pili, anayependa ugali mgumu, utapata 1.4 au zaidi. Mkitumia namba moja ya ugali kwa kaunti nzima mtakuwa mmetupa kazi yote ya mizani. Ukoko uliobaki chini nao una uzito. Ukiliwa na watoto baadaye, andika ni nani.

Ugumu halisi unakuja ugali ukitua kwenye sinia moja na mama akala na watoto wanne kwa mikono. Vitabu vingi vya kazi hii vinashauri mshiriki apewe sahani yake siku moja mbili kabla. Ni ushauri mzuri wa kusaidia kumbukumbu, lakini jueni mnachonunua na mnachouza. Mama aliyezoea kula mwisho, akisubiri watoto washibe, ukimtengea sahani yake anakula mapema na anakula zaidi. Umepata kipimo safi cha siku ambayo haikuwahi kuwepo. Pale ambapo mnaweza, acheni sinia libaki sinia. Pimeni ugali unapoingia na unapotoka. Hesabuni matonge ya mama tu, bila kumkodolea macho. Wakimaliza kula, mwombe akate matonge matatu kama anavyokata siku zote, uyapime: tuseme 31, 36 na 35, wastani gramu 34. Matonge 14 ni gramu 476, kilokalori 580 hivi. Msimwombe kabla ya kula, kwa maana akishajua tonge linapimwa ataanza kulitazama, na tonge linalotazamwa husinyaa. Mwisho linganisheni: jumla ya mliowakadiria wote haiwezi kuzidi kilichotoka kwenye sinia. Ikizidi, mmoja wenu hesabu yake imelala.

Uji na mchuzi ni rahisi. Chukua kikombe au bakuli lake mwenyewe, mwambie akuoneshe ulifika wapi, tia maji hadi hapo, mimina kwenye jagi lenye mistari. Njia hiyo inashinda kadi za picha. Kadi zina tabia ya kuwavuta watu katikati: kukiwa na picha tatu za sahani, wengi watachagua ya pili.

Nije kwenye siku. Kwa nini nne, na kwa nini zisifuatane? Kwa sababu ya kiporo. Maharagwe ya Jumanne ndiyo ya Jumatano asubuhi, kwa hiyo siku mbili zinazofuatana zinakupa habari ya siku moja na nusu. Zitawanyeni. Moja iwe ya soko: kwa wa mjini Jumapili ya Kibuye inatosha, kwa wa vijijini fuateni soko lao. Moja iwe ya wikendi, mkikumbuka kwamba nyumba ya Wasabato hupika Ijumaa chakula cha Jumamosi, na mkiuliza "mlipika nini Jumamosi" mtajibiwa kwa ukweli mtupu kwamba hawakupika. Kwa mwenye mshahara, tarehe 2 na tarehe 25 ni watu wawili. Na siku nne zinatosha kusema juu ya kundi. Juu ya mtu mmoja hazitoshi, hasa kwa vitamini. Kuna Wamarekani 29 waliowahi kuandika chakula chao kwa mwaka mzima. Hesabu ilionyesha kwamba kumjua mtu mmoja barabara kwa nishati kulihitaji siku kama 30, na kwa vitamini A zaidi ya siku 365. Kwa hiyo mama akikuuliza "je, mimi ninapata vitamini A ya kutosha?", daftari lako halina ruhusa ya kumjibu.

Kuandika kwenyewe hubadilisha mlo. Mtu akichoka kuandika viungo saba vya pilau, anapika ugali na sukuma. Akiona haya kuandika mandazi ya nne, haili, au anaila na haiandiki. Dalili zake hujionyesha kwenye daftari kabla hujafika kwenye kompyuta. Hesabu mistari ya kila siku: siku ya kwanza mistari 18, ya pili 15, ya nne 9. Huyo hajapunguza kula, amechoka kuandika. Tazama wino: siku nne zote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, mgandamizo mmoja, na karatasi haina hata doa la mafuta? Daftari hilo limejazwa asubuhi ya leo, wewe ukiwa unashuka kwenye bodaboda. Tazama namba: kila kitu ni gramu 100, 200, 250. Chakula halisi ni 187. Ndiyo maana tunapita jioni ile ile, dakika kumi au kumi na tano, mtu akiwa bado anakumbuka, na hatungoji siku ya nne kukusanya daftari kama madaftari ya shule.

Katika mapito hayo ya jioni mpitie mara tano, kila mara kwa nia moja. Kwanza mwache ataje chochote bila kumkatiza. Pili mtajie vinavyosahaulika: chai, soda, matunda ya njiani, maembe, mapera, karanga, miwa, mandazi, pombe, alichoonja akipika, alichomaliza kwenye sahani ya mtoto. Tatu, saa na mahali. Nne, kiasi na jinsi kilivyopikwa. Hii ndiyo ndefu. Tano, swali moja tu: "Kuna chochote tumekiruka?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi umewahi kutoa chupa nzima ya busaa.

Uso wako nao ni chombo cha kupimia, na unaweza kuharibika. "Mboga pekee?" ni swali linaloleta nyama kesho yake kwenye karatasi. "Hongera mama kwa mboga!" linaleta mboga zisizokuwepo. Ukivaa fulana ya mradi wa msaada wa chakula, watoto wote wa kijiji watakuwa wamelala njaa. Ukiwa mgeni uliyekaribishwa kwa heshima, hakuna atakayekiri kwamba jana walikunywa uji wakalala. Kwa hiyo mwanzoni kabisa semeni wazi kwamba jibu halimwongezei mtu wala kumpunguzia kitu. Msimhoji mama mbele ya mkwe wake. Msimuulize baba walichokula watoto kama aliyewapakulia ni dada. Kijana akimhoji bibi, aketi chini kuliko bibi.

Na mtoto anayenyonya? Hakuna daftari linalopima maziwa ya mama. Kuna njia ya kumnywesha mama maji yenye haidrojeni nzito na kupima mate yake na ya mtoto kwa siku 14, lakini hiyo si kazi yetu msimu huu. Ninyi andikeni "amenyonya" na mara ngapi, msibuni mililita.

Sasa, daftari likishafika, tunajuaje kama ni la kuaminika? Chukueni mama wa miaka 35 mwenye kilo 62. Kwa umri wa miaka 30 hadi 60, nishati ya mwili wa mwanamke akiwa ametulia kabisa hukadiriwa kwa kuzidisha uzito wake kwa 8.7 kisha kujumlisha 829. Kwake ni kilokalori 1,368. Mtu wa shughuli nyepesi huhitaji kama mara 1.55 ya hiyo, yaani 2,120. Daftari lake linasema 1,150. Hiyo ni mara 0.84: pungufu hata ya anachokichoma akiwa kitandani. Upungufu wa kilokalori 970 kwa siku, kwa kilokalori 7,700 za kila kilo ya mafuta ya mwili, unapaswa kumpunguza karibu kilo 4 kwa mwezi. Mrudie na mizani ya kupandia. Ikiwa bado ni 62, daftari ndilo lililopungua.

Lakini hapa nataka tusikilizane vizuri, kwa sababu kosa hili hufanywa na wenye digrii. Kipimo hicho cha kulinganisha kilitungwa Uingereza mwaka 1991, kwa watu ambao uzito wao haubadiliki. Huku kwetu kuna miezi kabla ya mavuno ya mvua ndefu, Mei na Juni, ambapo ghala limekwisha na palizi haijaisha. Mama akiandika 1,150 katika mwezi huo, huenda ndicho alichokula, na mwili wake unalipa. Kulifuta daftari lake kwa sababu "haliwezekani" ni kuifuta njaa kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo kila mshiriki apimwe uzito mwanzo na mwisho wa kipindi, kwa mizani ile ile, saa ile ile, na aulizwe kama alikuwa na homa, malaria, mfungo au msiba. Daftari dogo na uzito uliosimama: shaka. Daftari dogo na uzito unaoshuka: amini, na mpeleke kituo cha afya. Hatufuti lolote, tunaweka alama, na tunachambua mara mbili, pamoja nayo na bila hayo.

Protini ina shahidi wake mwingine, mkojo wa saa 24. Naitrojeni ya protini hutoka kwa njia hiyo kwa asilimia kama 81, kwa hiyo gramu 11 za naitrojeni kwenye mkojo, ukigawanya kwa 0.81 na kuzidisha kwa 6.25, ni gramu 85 za protini iliyoliwa. Asilimia hiyo ilipatikana Cambridge kwa watu waliokula chakula cha kwao, na mlo wetu wenye nyuzinyuzi nyingi hupeleka naitrojeni zaidi kwenye choo kikubwa, kwa hiyo kipimo hiki kwetu huelekea kupunguza kidogo. Bado kinafaa. Chumvi ndiyo kabisa haina njia nyingine: hakuna aandikaye chumvi, na asilimia kama 90 ya sodiamu hutoka kwa mkojo. Kundi dogo tu ndilo litakalopewa chupa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, saa huandikwa, kisha kila tone hukusanywa hadi na pamoja na wa kwanza wa kesho yake. Unaopotea ni ule wa shambani na wa stendi ya matatu. Ndiyo maana wanapewa vidonge vitatu vya miligramu 80 vya kitu kiitwacho PABA, ambacho hutoka karibu chote kwa mkojo. Kikionekana pungufu sana, mkusanyo haukukamilika, na tunajua bila kumshtaki mtu.

Simu na picha mtazitumia kwa wasiopenda kuandika. Picha mbili, kabla na baada, simu ikiinama nusu, kadi yetu ya rangi kando ya sahani ili tujue ukubwa. Usiku jikoni moshi na giza vitawashinda. Hapo chukueni sauti badala ya picha. Kila picha lazima iwe na maelezo ya mafuta, maana nimeshasema haiyaoni.

Yaliyobaki ni ya mkononi. Mizani ziko mezani, za kilo 5, zinasoma gramu moja moja. Kabla ya kuondoka, kila mmoja aweke jagi, arudishe kwenye sifuri, amimine lita moja ya maji kutoka kwenye silinda pale dirishani. Isome 1,000, ikitofautiana kwa gramu mbili tatu tu. Isiyosoma hivyo mnairudisha, msiizoee na kuanza kujumlisha kichwani. Betri ikianza kufifia namba huhama kabla taa haijazima, kwa hiyo rudieni jaribio la maji kila asubuhi na mwandike matokeo kwenye ukurasa wa kwanza. Sakafu ya udongo haijanyooka. Ubao mdogo uko ndani ya mkoba. Upepo wa ziwani nao husukuma sahani, kwa hiyo pimieni ndani. Kundi la Ahero lianze kupima, gari lenu linaondoka kwanza.